Miguu iliyokataa kupanda Mweka ndiyo iliyokimbilia Kosta mchana wake: tuzungumze ukuta wa akili kwenye mbio ndefu

#1 Mbio_Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kidogo kidogo kwa siku 3, kwa hiyo mwenye haraka auhifadhi asome jioni.

Marathoni yangu ya kwanza ilikuwa Moshi, Kilimanjaro Marathon. Waliowahi kuikimbia wanaijua njia ile. Mnaanzia uwanja wa Ushirika, mnapita mjini, mnatoka na barabara ya Dar, mnakwenda na kurudi. Kipande hicho ni tambarare, baridi ya asubuhi bado ipo, na kila mtu anajiona amezaliwa kukimbia. Mkishafika nusu, mnageuziwa uso kuelekea mlimani. Kuanzia hapo ni kupanda taratibu bila kupumzika mpaka Mweka, karibu kilomita ya 32. Ukigeuza pale, barabara inakushusha yenyewe mpaka uwanjani.

Mimi niliachia kilomita ya 29.

Sikuanguka. Misuli haikubana, kichomi hakikunishika. Nilikuwa napanda katikati ya migomba, mbele yangu kuna jamaa ana fulana ya kijani, nikaanza kusikia maneno kichwani kwa sauti yangu mwenyewe: "Bado 13. Hujawahi kukimbia 13 ukiwa umechoka hivi. Utafia huku." Nikapiga hesabu, nikaona ni kweli. Nikaanza kutembea. Fulana ya kijani ikapotelea kwenye kona. Baadaye nikasimama, kisha nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Bibi mmoja aliyejitwika majani ya ng'ombe akaniambia, "Inuka mwanangu, ukishafika pale juu unashuka tu." Nikamjibu nimechoka bibi. Gari la kubeba waliochoka lilipopita, nikapanda. Ilikuwa saa 4 kasoro asubuhi.

Saa 8 mchana nilikuwa stendi ya Moshi natafuta usafiri wa kwenda kwa kaka yangu Arusha. Kosta ilikuwa imeshatoka, konda ananing'inia mlangoni anagonga bati. Nikaikimbilia. Begi mgongoni, mfuko wa ndizi mkononi, nilikimbia kama mita 100 kwa kasi ambayo asubuhi ile sikuitumia hata mara moja, konda akanidaka mkono akanivuta ndani. Nilipokaa siti ya nyuma nikaiangalia miguu yangu, machozi yakanitoka. Miguu ile ile. Kama nguvu ilikuwa imekwisha kweli kule juu, ya stendi ilitoka wapi?

Nina miaka 4 sasa nalitafakari jambo hilo moja. Nimesoma, nimeuliza wanaojua, nimejaribu kwenye mwili wangu, na nilichokiona ni hiki: akili haikusimamishi kwa sababu umechoka. Inauweka uchovu ulionao upande mmoja wa mizani, upande wa pili inaweka njia iliyobaki, na hesabu ikikataa inakushusha. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anajikokota kilomita nzima akiliona tepe la mwisho anachomoka mbio. Ametoa wapi nguvu? Alikuwa nazo. Upande wa pili wa mizani ndio uliopungua. Na ndiyo maana mimi nilikimbilia Kosta: kazi ilikuwa mita 100, mwisho wake nauona kwa macho.

Mwanasayansi wa Afrika Kusini, Tim Noakes, alilieleza jambo linalokaribiana na hili kwa kusema ubongo una kama mlinzi ndani yake, anayepunguza mwendo kabla mwili haujafika kwenye hatari. Wenzake wengine wanambishia, na ubishi haujaisha. Ila kwa mkimbiaji wa kawaida kama mimi, inatosha kujua kwamba "nimekwisha" ya kilomita ya 29 ni makadirio. Na makadirio yanategemea umeyapa taarifa gani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pale niliposema "bado 13". Ukiwa umechoka, 13 ni namba inayoua. Siku hizi nikiwa kwenye mbio sihesabu kilichobaki kabisa. Nahesabu nguzo za umeme. Nachagua nguzo, naikimbilia mpaka niiguse kwa macho, halafu ndipo naruhusiwa kuangalia nyingine. Siyo kwamba najidanganya kuwa njia imepungua. Njia naijua. Ninachokataa ni kuipa akili kilomita 13 izipime zote kwa mpigo, wakati miguu inazikimbia hatua moja moja.

La pili lilichukua muda kulielewa. Mazoezi yangu yote ya mbio ndefu yalikuwa ya kwenda mbali na kurudi. Ukiwa kilomita 14 kutoka nyumbani, utake usitake, utarudi. Kwa hiyo nilikuwa nimefundisha miguu, lakini sikuwahi kufundisha kukataa kuacha, kwa sababu nafasi ya kuacha haikuwepo. Nikabadilisha. Mara moja kila wiki 2 nakimbia mizunguko ya kilomita 4 mtaani kwetu Makongo, vilima na vumbi, na kila mzunguko unapita getini kwangu. Mzunguko wa 5 ndio mbaya. Geti liko wazi, harufu ya vitumbua inatoka jikoni, mwanangu amekaa kizingitini na kikombe cha uji ananiita baba. Napita. Mzunguko wa 6 napita tena. Wakuu, hakuna mlima wowote uliowahi kunifundisha kama lile geti. Mara 3 za mwanzo niliingia ndani. Mara ya 4 nilimaliza, na nilipokaa chini nilijua kuna kitu kimehama mahali pake.

La tatu ni sauti. Nimeacha kubishana nayo. Ikisema "umechoka", najibu kwa jina langu, kama naongea na mdogo wangu: "Ndiyo, fulani, umechoka, na nguzo ile pale." Ukijiita kwa jina unajikuta umesimama kando kidogo ya maumivu, unayaona badala ya kuzama ndani yake. Wengine wanatumia sala, wengine wanataja watu. Rafiki yangu mmoja kilomita 10 za mwisho kila moja ameipa mtu, ya 42 ni ya marehemu mama yake, na anasema hajawahi kutembea kwenye ile.

Mwaka uliofuata nilirudi Moshi. Mtaro ule niliutambua kabla sijaufikia. Sauti ilikuja, maneno yale yale, na miguu ilikuwa inauma kuliko mwaka wa kwanza, hilo niseme wazi. Nguzo. Nguzo. Nguzo. Mweka nikageuza. Nilipouhisi mteremko chini ya raba nikasema kwa sauti kubwa, peke yangu, "Bibi alisema kweli." Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 51.

Niwakumbushe na la nyumbani kwetu. Septemba 2025, Tokyo, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, Alphonce Simbu alikimbia kilomita 42 na ushee, akaingia mita za mwisho uwanjani Mjerumani Amanal Petros akiwa mbele yake. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Tofauti ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde, na Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa riadha. Nimeitazama ile video mara nyingi nikimwangalia Simbu kwenye zile mita za mwisho. Aliyeko mbele yake anaonekana ameshashinda. Simbu anakimbia kana kwamba hilo hajaambiwa.

Tuambiane wakuu. Ukuta wako uko wapi, na ulifanya nini ulipoufikia?

#2 Mtoto_wa_Kihesa

Naweka kambi hapa. Mwaka jana niliachia nusu marathoni kilomita ya 16. Nyumbani wanajua nilimaliza. Hii ni mara ya kwanza naliandika mahali.

#3 Fundi_Injini

Mleta uzi heshima yako, umeandika vizuri, lakini nakupinga kidogo. Watu wanaita "akili" kitu ambacho ni tangi kukauka. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na kwenye ini, na kwa mtu wa kawaida akiba hiyo inatosha kilomita 30 hivi ukikimbia kwa kujituma. Ikiisha unabaki unachoma mafuta ambayo yanawaka polepole. Ndiyo maana ukuta wa watu wengi uko kati ya 30 na 35. Kabla ya kuhesabu nguzo, tuambie: siku ile ulikula nini?

#4 Mbio_Alfajiri (mleta uzi)

Mkuu Fundi, umenishika pabaya na nashukuru. Asubuhi ile nilikunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, na njiani nilikunywa maji matupu kila kituo. Mwaka uliofuata nilikula wali jioni, uji asubuhi, na njiani nikawa nakula tende na ndizi, maana wataalamu wanashauri gramu 30 mpaka 60 za wanga kila saa, na ndizi moja ya wastani ina kama 25. Kwa hiyo ndiyo, sehemu ya ukuta wangu ilikuwa tumbo. Sikuliandika mwanzoni na nilipaswa kuliandika.

Ila chukua na hili. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la waendesha baiskeli 9. Waliwapa maji yenye wanga wakasukutue mdomoni halafu wayateme. Hakuna kilichomezwa, hakuna kilichofika kwenye misuli. Walimaliza safari ya saa moja haraka zaidi kwa karibu asilimia 3 kuliko waliposukutua maji matupu. Ulimi uliupelekea ubongo habari kwamba chakula kinakuja, ubongo ukalegeza. Tangi ni kweli lipo, lakini anayesoma geji ni ubongo, na anaisoma kwa woga. Unaweza kukuta bado kuna lita kadhaa yeye ameshawasha taa nyekundu.

#5 Nesi_wa_Zamu

Samahani naingilia, nimekaa kwenye mahema ya huduma ya kwanza kwenye mbio kadhaa na uzi wa aina hii hunitia hofu kidogo. Vijana wanasoma "ni akili tu" halafu wanakuja kwangu wamebebwa.

Nawapa kipimo ninachokitumia mimi. Hofu huongea kwa sentensi: huwezi, bado mbali, watu wanakupita. Jeraha huongea kwa mahali. Nikimuuliza mkimbiaji "unaumwa wapi?" akaanza kunieleza hadithi, nampa maji na maneno mazuri, anaendelea. Akininyooshea kidole kimoja sehemu moja ya goti au mfupa wa mbele wa mguu, na maumivu yanaongezeka kila hatua mpaka mwendo umebadilika, namwambia akae. Na kuna mambo ambayo hayana mjadala: kifua kubana, kizunguzungu, kuchanganyikiwa usijue uko wapi, mwili kuwaka joto huku akili inapotea. Hapo hakuna nguzo. Hapo unasimama na kuita mtu.

Na maji pia. Kunywa ukiwa na kiu. Kunywa kupita kiasi kwa saa 5 kunaweza kushusha chumvi kwenye damu, na hiyo imeshaua watu kwenye marathoni kubwa duniani.

Najua mtu ataleta mfano wa mzee wetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968. Aliumia goti alipoanguka, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Alipoulizwa akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Namheshimu mpaka kesho. Lakini wewe unayekimbia Jumapili ili Jumatatu uende kazini hujabeba alichobeba yeye siku ile. Goti likikuonyesha mahali, lisikilize.

#6 Mbio_Alfajiri (mleta uzi)

Dada, naomba ruhusa yako hii niichapishe niibandike ukutani. "Hofu huongea kwa sentensi, jeraha huongea kwa mahali." Miaka 4 nilikuwa natafuta namna ya kulisema.

#7 Jirani_wa_Eldoret

Hamjambo ndugu zangu wa huko Tanzania. Nesi amesema ukweli. Hata Kipchoge wetu, yule aliyekimbia umbali wa marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna 2019, mtu ambaye tumemwona akitabasamu kilomita za mwisho ili uso uuambie mwili utulie, hata yeye kwenye Olimpiki ya Paris 2024 aliacha mbio baada ya kilomita 30 hivi. Mgongo. Alitembea, akawapa watu viatu vyake na namba yake, akatoka. Hakuna mtu huku kwetu alisema akili yake ni dhaifu. Mgongo ni mahali.

Mimi niongeze kitu kimoja tu. Hamjataja kundi. Sisi huku asubuhi tunatoka watu 20, 30, barabara ya murram, giza bado, unaskia tu viatu. Hakuna mtu anauliza imebaki ngapi. Kazi yako ni mgongo wa yule aliye mbele yako, basi. Siku mguu umekataa, kundi linakubeba mpaka mguu ukubali. Wale wanateseka sana na hii mambo ya akili mara nyingi ni wale wanafanya mazoezi peke yao. Mtu mmoja na mawazo yake kwa saa 3, hiyo ni ngumu kuliko mbio.

#8 Mzee_wa_Kambi

Wanangu, nami nichangie, ingawa magoti yangu sasa ni ya kutembea tu. Nilikuwa kijana jeshini enzi za mkimbiaji wetu wa marathoni Juma Ikangaa. Kwenye marathoni ya Boston 1988 alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde 1. Sekunde moja baada ya maili 26. Mwaka 1989 akawa wa pili tena, mara hii kwa Muethiopia. Kambini tulinyong'onyea, wengine wakaanza kusema huyu wa pili ndiyo daraja lake. Novemba mwaka huo huo akaenda New York akashinda kwa 2:08:01. Na 1990 akarudi Boston, akawa wa pili kwa mara ya 3.

Mnazungumzia ukuta wa kilomita ya 30. Mimi nafikiria ukuta wa mtu aliyeshindwa kwa sekunde 1, halafu saa 11 alfajiri ya siku inayofuata avae raba tena. Sijui aliupandaje. Najua aliupanda, maana alirudi.

#9 Mbio_Alfajiri (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kumleta Ikangaa kwenye uzi, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

#10 Mama_wa_Raskazone

Assalaam aleikum na hamjambo. Nimesoma wote mpaka chini, nimeona haya kidogo kuandika, maana ninyi mnasema kilomita 30 na ukuta wangu mimi uko mlangoni.

Nina miaka 46, niko Tanga. Daktari aliniambia nifanye mazoezi kwa ajili ya presha. Nikanunua raba na traksuti, nikawa naamka baada ya swala ya alfajiri, nafunga ushungi vizuri, nashika komeo la geti, na hapo hapo mkono unakuwa mzito. Pembeni ya nyumba kuna kijiwe cha boda. Siku ya kwanza niliyotoka, mmoja alipiga kelele, "Mama unakimbizwa na nani?" wakacheka wote. Nilirudi ndani. Wiki 5 raba ziko chini ya kitanda. Si miguu. Nikiwa peke yangu uani nazunguka hata nusu saa. Ni yale macho. Hilo nalo lina nguzo?

#11 Mbio_Alfajiri (mleta uzi)

Shikamoo mama. Usione haya hata kidogo, na usiseme ukuta wako ni mdogo. Sisi wa kilomita ya 29 tunashangiliwa na kupewa maji njiani, wewe unaupanda wako unachekwa.

Nguzo ipo. Kesho usitoke kwenda kukimbia. Toka utembee umevaa raba, pita kijiweni, uwasalimie wewe wa kwanza, kisha urudi. Hiyo tu. Fanya siku 3. Akili yako sasa hivi inapima mambo mawili kwa pamoja, kukimbia na kutazamwa, na mzigo unakuwa mmoja mkubwa. Utenganishe. Ukishawazoea macho, kukimbia unakujua tayari, umesema mwenyewe unazunguka uani nusu saa. Na dawa ya presha usiiache, na umwambie daktari kwamba umeanza.

#12 Jirani_wa_Eldoret

Mama, na ukipata mwenzako hata mmoja, mambo inakuwa rahisi mara mbili. Wawili tayari ni kundi.

#13 Mama_wa_Raskazone

Nimerudi baada ya wiki 3. Nilifanya kama ulivyosema mwanangu. Siku 3 za kutembea zikawa 6, maana siku ya 4 moyo ulikataa. Jumanne iliyopita ndipo nilipokimbia. Nilipokaribia kijiwe nikasikia mapigo ya moyo mpaka masikioni, na yule yule akaanza, "Mama leo tena?" Nikamjibu "Salama mwanangu, umeamkaje?" nikapita. Sikusimama. Mgongo wote ulikuwa unawaka kwa kujua wananitazama. Nikaenda mpaka msikitini, nikageuza. Wakati wa kurudi boda 2 zilikuwa na abiria, wengine wanagombea chenji. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia.

Nimeshatoka mara 4 sasa. Nina swali. Ukucha wa kidole gumba cha kulia umeanza kuwa mweusi, na nikiteremka ile barabara ya kwenda baharini unagonga mbele. Ni raba au nakanyaga vibaya?

#14 Nesi_wa_Zamu

Raba ni ndogo, dada yangu. Ongeza saizi moja, pabaki nafasi ya kidole mbele, na ukanunue jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku. Kamba zikaze pale juu karibu na kifundo ili mguu usiteleze kwenda mbele. Ukucha wenyewe usiung'oe, utatoka wenyewe.